Kupasha kiporo kwenye maikrowevu: chombo kipi kiingie, kipi kibaki kabatini

Wali wa jana umetoka kwenye friji, mchuzi uko kwenye kopo lililowahi kuwa la aiskrimu, na maikrowevu iko tayari. Hapo watu wengi hujiuliza swali moja tu: kuna kijiko humo ndani? Kijiko kikishatolewa, kila kitu huingia. Lakini metali ni hatari inayojitangaza. Inatoa cheche, inapiga kelele, unazima. Ninavyovihofia zaidi ni vyombo visivyotoa cheche hata moja, na viwili kati ya hivyo vimo karibu kila nyumba: sahani ya melamini, na kopo la plastiki lililokwisha maliza kazi yake ya kwanza.

Hatua ya 1: Jua mawimbi hufanya nini

Ndani ya maikrowevu mna kifaa kiitwacho magnetroni, ndugu wa kile kilichotumika kwenye rada wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Kinatoa mawimbi ya redio ya gigahezi 2.45, yenye urefu wa sentimita 12 hivi. Mawimbi hayo yenyewe si joto. Yanageuka kuwa joto pale tu yanapokutana na kitu cha kuyafyonza.

Chochote utakachoingiza humo kitafanya moja kati ya mambo matatu. Kitayapitisha, kama kioo, kauri nzuri, karatasi kavu na plastiki nyingi. Kitayafyonza na kupata moto, kama maji na vyakula vyote vyenye maji. Au kitayarudisha yalikotoka, kama metali. Chombo kinachofaa ni kile kinachopitisha: hakipati moto chenyewe, na kikipata, ni kwa sababu chakula kimekipasha.

Maji hufyonza kwa bidii kwa sababu molekuli yake ina upande wenye chaji chanya kidogo na upande wenye chaji hasi kidogo. Wimbi linapopita, molekuli hujaribu kugeuka kulifuata, huku na huko, mabilioni ya mara kwa sekunde. Zinasukumana na jirani zake, na msukumano huo ndio joto. Mtu akikuambia kwamba masafa haya yalichaguliwa kwa kuwa yanalingana na maji hasa, usimwamini. Maji hufyonza kwa nguvu zaidi kwenye masafa ya juu zaidi, karibu gigahezi 20, lakini hapo joto lote lingeishia kwenye ngozi ya chakula. Kwa gigahezi 2.45 mawimbi huzama sentimita moja hadi tatu hivi, halafu joto husafiri lenyewe kwenda katikati. Ndiyo maana bonge la nyama huwa la moto nje na baridi moyoni.

Hatua ya 2: Geuza chombo usome kitako

Pindua chombo kikiwa kitupu. Unatafuta alama ya maikrowevu: mara nyingi ni mistari mitatu ya mawimbi, au kisanduku chenye mawimbi ndani. Viwanda havitumii mchoro mmoja, kwa hiyo usishangae ukikuta sura tofauti. Usiichanganye na alama ya bilauri na uma. Hiyo humaanisha tu kwamba chombo kinaruhusiwa kugusa chakula. Kuhusu moto haisemi lolote. Nayo sahani yenye matone ya maji juu yake ni habari ya mashine ya kuoshea vyombo.

Kwenye plastiki utaona pia namba ndani ya pembetatu ya mishale. Namba hiyo iliwekwa kwa ajili ya wanaorejeleza taka, wala si kwa ajili ya mpishi, ila inakujulisha aina ya plastiki. Namba 5 ni polipropileni. Huyeyuka karibu na nyuzi 160, nayo ndiyo inayotengenezewa vyombo vingi vya kupashia. Namba 1, ya chupa za maji na soda, huanza kulegea kwenye nyuzi 70 na kitu. Namba 6 ni polistirini, ikiwemo ile nyeupe nyepesi ya povu ambayo hufungiwa chipsi, nayo hulegea karibu na nyuzi 100. Namba 3 na 7 achana nazo. Hata namba 5 isiyo na alama ya mawimbi si ruhusa kamili, kwani kopo jembamba la mtindi laweza kuwa namba 5 na bado likajikunja, maana lilitengenezwa likae kwenye baridi.

Hatua ya 3: Saka metali iliyojificha

Sufuria na foili kila mtu anazijua. Zinazopenya ni nyingine. Kuna vikombe vya kauri vyenye ukingo wa dhahabu, vile vinavyotolewa wageni wakija, na vifinjani vya kahawa vya pwani na Uarabuni vyenye nakshi za dhahabu. Kuna sahani za bati zenye maua, ambazo juu zimepakwa enameli lakini ndani ni chuma kitupu. Kuna hotpoti, ambayo nje ni plastiki na ndani ni chuma cha pua. Kuna waya mwembamba wa kufungia mfuko wa mkate. Kuna na pakiti ya maziwa ya kudumu, ambayo ukiichana utaona utando wa alumini unaong'aa.

Metali ni kwa mawimbi haya kile kioo cha kujitazamia kilivyo kwa mwanga. Kuta za maikrowevu yenyewe ni za chuma, na wavu wa mlangoni una vitundu vidogo ambavyo wimbi la sentimita 12 haliwezi kuvipenya, ilhali mwanga unapita, nawe unaona chakula kikizunguka. Kwa hiyo metali peke yake si adui. Taabu iko kwenye umbo. Wimbi likigonga metali, umeme hukimbia juu ya uso wake na kurundikana kwenye ncha, mikunjo na mipasuko. Ncha za uma, foili iliyokunjamana, upenyo mdogo kati ya foili na ukuta: nguvu ya umeme ikifika pale karibu volti milioni 3 kwa mita, hewa yenyewe hukubali kupitisha umeme, na hiyo ndiyo cheche. Kijiko laini kilichosahauliwa ndani ya kikombe cha chai mara nyingi hakifanyi kitu, na hilo ndilo huwapa watu ujasiri wa kuacha na uma.

Ukingo wa dhahabu una ubaya wake wa pekee. Ni utando mwembamba mno, umeme unaopita humo huuchoma hadi ukakatika, na kila penye mkato pana cheche mpya. Kikombe kitatoka na madoa meusi ambayo hayafutiki.

Baadhi ya vitabu vya maelekezo huruhusu trei ya alumini, mradi iwe haina mikunjo, imejaa chakula na haigusi ukuta. Sawa, lakini mawimbi yataingia kwa juu tu, na biriani ya chini itabaki baridi. Kuhamishia chakula kwenye bakuli la kauri ni kazi ndogo kuliko kukisoma hicho kitabu.

Hatua ya 4: Jaribio la maji

Chombo hakina alama, hakina metali, na huna hakika nacho. Fanya hivi:

1. Tia maji mililita 250 kwenye kikombe unachokiamini.
2. Weka kikombe hicho ndani ya maikrowevu, na kando yake weka chombo unachokipima, kikiwa kitupu na kikavu.
3. Washa kwa nguvu zote, dakika moja.
4. Gusa chombo taratibu kwa ncha ya kidole.

Maji yakiwa ya moto na chombo kikiwa baridi, chombo kinapitisha. Chombo kikiwa na moto, kinafyonza, na hakifai. Kile kikombe cha maji usikiache: bila kitu cha kuyafyonza, mawimbi huzunguka na kuirudia magnetroni, na hivyo ndivyo maikrowevu inayowashwa tupu inavyokufa mapema.

Lakini jaribio hili linapima joto tu. Chupa ya maji ya dukani itafaulu vizuri kabisa, kisha itajikunja ukiitilia uji wa moto. Ndiyo maana hatua mbili zinazofuata haziwezi kurukwa.

Hatua ya 5: Zitoe sahani za melamini

Ukienda maduka ya vyombo ya Kariakoo au Eastleigh utazikuta zimepangwa hadi darini: nyepesi, zinang'aa, zina maua mazuri, na ukiiangusha haivunjiki. Nyumba yenye watoto wadogo haina sababu ya kuzikataa. Kwa chakula baridi, matunda, mkate au wali uliopakuliwa na kuliwa papo hapo, sina ugomvi nazo.

Kwenye maikrowevu ni habari nyingine. Sahani hizi ni za plastiki iliyotengenezwa kwa kuunganisha kemikali mbili, melamini yenyewe na fomaldehidi, na tofauti na plastiki nyingi, hii hufyonza mawimbi. Dalili unaijua hata kama hukujua jina lake: sahani inaunguza vidole, na wali uliomo bado baridi. Nguvu uliyoilipia kwenye umeme imeishia kwenye sahani. Kwa kuwa haiyeyuki kama plastiki nyingine, unaweza kudhani imestahimili, kumbe minyororo ya molekuli zake inaanza kuachana, na kiasi cha melamini na fomaldehidi huhamia kwenye chakula. Vyakula vyenye uchachu, kama mchuzi wa nyanya, ndimu au ukwaju, huongeza uhamaji huo. Taasisi ya Ujerumani ya kutathmini hatari za vyakula, BfR, inashauri vyombo hivi visitumike kwenye maikrowevu wala kwa chakula kinachozidi nyuzi 70. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, nayo inasema chakula kisipashwe kwenye melamini.

Mwaka 2013 watafiti wa Taiwan walichapisha jaribio dogo: watu 12 walikunywa supu ya tambi ya moto kwenye mabakuli ya melamini, na wakati mwingine kwenye ya kauri. Melamini iliyopimwa kwenye mkojo wao ilikuwa nyingi zaidi baada ya mabakuli ya melamini. Hapo hapakuwa na maikrowevu, ilikuwa supu ya moto tu. Tuseme kweli: viwango vyenyewe vilikuwa vidogo, si vya kulinganishwa na kashfa ya maziwa ya watoto ya China ya mwaka 2008, ambako kemikali hii ilichanganywa makusudi. Hata hivyo, sioni sababu ya mtu kuinywa kidogo kidogo kila siku wakati bakuli la kauri liko rafu ya pili.

Kuitambua: geuza sahani, mara nyingi neno Melamine limeandikwa kitakoni. Likiwa limefutika, ipige kwa ukucha. Kauri hulia, melamini hutoa mlio uliofifia. Na kauri ikichubuka ukingoni huonyesha ndani pakavu kama chokaa, ambapo melamini hukwaruzika na kupauka.

Hatua ya 6: Tenganisha mafuta na plastiki

Tuje kwenye kopo la aiskrimu. Yale ya siagi na mtindi ni ya kundi moja. Yanafaa sana kuhifadhia maharage kwenye friza. Ukitaka kupasha, toa chakula.

Sababu ni mafuta. Maji yakifika nyuzi 100 huchemka na kubaki hapo hapo, yanapoza chombo kwa kugeuka mvuke. Mafuta hayana breki hiyo, yanapanda juu zaidi, na isitoshe yanahitaji nusu tu ya nishati ambayo maji yangehitaji ili kupanda idadi ile ile ya nyuzi. Mchuzi mzito wa nazi, pilau iliyokaangwa vizuri, nyama yenye mafuta: pale mafuta yanapoelea ndipo plastiki inapoumia. Chukua kopo la zamani ambalo limepashiwa mchuzi mara kadhaa, litazame ndani dhidi ya mwanga. Utaona mduara uliochubuka, wenye rangi ya manjano au chungwa, sawasawa na kimo cha mchuzi. Plastiki iliyotoka kwenye mduara ule haikupotea hewani.

Chombo cha plastiki chenye alama kinatumika, ila nacho kina umri wake. Kikishapata mikwaruzo, kikapinda au kikafifia, kiondoe jikoni, kitafaa kuwekea misumari. Kifuniko kilegeze kila mara, mvuke upate pa kutokea. Chupa ya mtoto mimi singeiweka humo kabisa: nje huwa vuguvugu, na maziwa ya katikati yanaweza kumuunguza mdomo. Iweke kwenye bakuli la maji ya moto.

Hatua ya 7: Kioo, kauri na chungu

Hivi ndivyo vyombo vyako vya kila siku. Kioo hakiogopi mawimbi, kinaogopa mabadiliko ya ghafla. Bakuli la kioo cha kawaida likitoka kwenye friza, usiliwashie nguvu zote. Na likitoka la moto, usiliweke juu ya kaunta iliyolowa. Kioo cha borosilikati hutanuka kidogo sana kikipata moto, ndiyo maana huvumilia zaidi. Chenye ufa tayari hakina dawa, kitapasuka siku moja.

Kauri nyeupe nzito iliyong'arishwa pande zote ni nzuri kuliko zote. Iliyochubuka kitakoni hunywa maji wakati wa kuoshwa, na maji hayo huchemka ndani ya ukuta wa kikombe. Mkono wa kikombe unaokuunguza kuliko chai yenyewe mara nyingi chanzo chake ni hicho. Chungu cha udongo kisichong'arishwa ni hivyo hivyo, tena zaidi: kizuri mno kwa samaki wa kupaka kwenye makaa, lakini humu kitafyonza, kitachelewesha chakula, na kikiwa na unyevu kinaweza kupasuka.

Hatua ya 8: Karatasi, majani na mbao

Karatasi nyeupe ya kufutia jikoni, sawa. Gazeti lililofungia maandazi, hapana: wino hauliwi, na karatasi kavu yenye mafuta hushika moto. Mfuko wa kaki, hapana vilevile. Jani la mgomba ni zuri sana kufunikia, kwani lina maji yake na hutoa mvuke wenye harufu. Mwiko wa mbao kwa dakika moja hauna shida. Ukizoea kuuacha humo utakauka na kupasuka. Kawa ya ukindu iache mezani, ya plastiki yenye alama ndiyo ifunike sahani.

Hatua ya 9: Panga chakula chenyewe

Ndani ya maikrowevu mawimbi yanayokwenda na yanayorudi hukutana, na kuacha sehemu zenye nguvu na sehemu tulivu zilizoachana kwa sentimita 6 hivi. Sahani inayozunguka ipo kwa ajili hiyo. Katikati ya sahani hiyo hakuzunguki kwenda popote, kwa hiyo panga maandazi au vipande vya kuku kwenye duara, katikati pabaki wazi.

Wali unyunyizie maji kidogo, ufunike. Chapati ifunge kwa kitambaa cha pamba chenye unyevu, sekunde 20 hadi 30, zaidi ya hapo itakuwa ngozi. Mchuzi uliogandishwa una mtego wake: barafu hufyonza mawimbi kidogo mno ukiulinganisha na maji. Sehemu ya kwanza kuyeyuka ndiyo hunyakua nguvu zote na kuchemka, huku bonge likibaki bonge. Tumia nguvu ndogo, simamisha, koroga, endelea. Kiporo kiwe cha moto kote, nyuzi 70 au zaidi katikati, mvuke ukionekana unapokoroga.

Yai lenye ganda lisiingie. Na maji matupu ndani ya kikombe laini kipya yanaweza kupita nyuzi 100 bila kuchemka, kisha yakaruka yote mara unapotia sukari au kahawa. Weka kijiti cha mbao ndani yake kabla ya kuwasha, na uyaache yatulie kabla ya kuyagusa.

Hatua ya 10: Cheche zikitokea

Zima kwanza, usifungue kwanza. Kukiwa na moto ndani, acha mlango umefungwa, chomoa waya ukutani. Bila hewa mpya moto utakufa.

Kisha tafuta chanzo. Chakula nacho kinaweza kuwa chanzo: karoti na pilipili hoho mbichi zilizokatwa ncha kali hutoa vicheche, na zabibu mbili zinazogusana hutoa mwale wa moto kabisa. Mwaka 2019 wanafizikia wa Kanada walionyesha kwamba maji yaliyomo kwenye zabibu hukusanya mawimbi pale zinapogusana.

Kama hakuna metali na hakuna chakula cha kulaumiwa, angalia ukuta wa ndani, mara nyingi upande wa kulia. Kuna kipande chembamba cha rangi ya kijivu au kahawia kinachofanana na kadibodi. Wapo wanaokibandua wakidhani ni mabaki ya ufungaji. Ni maika, yaani ulanga, na kazi yake ni kuyapitisha mawimbi huku ikizuia mafuta na mvuke visiingie kwenye njia yake. Mafuta yakirukia hapo huungua, yakageuka kaboni, na kaboni hupitisha umeme. Cheche huanzia hapo hapo kila siku. Likiwa doa dogo, futa kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu na sabuni, ukaushe. Kikiwa kimetoboka, nunua karatasi ya maika kwa mafundi wa vifaa vya umeme, ikate kwa mkasi kwa kipimo cha ile ya zamani, uipachike. Kama rangi ya ukuta nyuma yake imebabuka hadi chuma kinaonekana, hiyo ni kazi ya fundi, na kifuniko cha nje usikifungue mwenyewe: kapasita iliyomo hubaki na umeme wa maelfu ya volti hata waya ukiwa umechomolewa.